Umeme wa Kadi Mbili

Tulimzika Injinia Lutonja wiki iliyopita, hapa Shinyanga, na tangu nirudi kutoka makaburini nimekuwa mtu wa kukaa tu. Msiba ulikuwa mkubwa. Walikuja wapima ardhi wenzake, walikuja wa kanisani kwake, tukaja sisi aliotufundisha kazi. Lakini waliowashangaza wafiwa ni wanaume walioshuka kwenye lori dogo kutoka Runzewe, wachimbaji wa dhahabu, wengi wao wameshaingia mvi, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi kwa ajili ya siku ile. Mbele yao alitembea mama mmoja mrefu, mnene, kajifunga khanga mbili. Walipanga mstari wakapita mbele ya jeneza, na kila mmoja alisimama kidogo kabla ya kumpisha mwenzake. Shangazi wa marehemu aliuliza kwa sauti ya chini, "Hawa nao ni akina nani?" Yule mama alimsikia. "Sisi ni wa kwake," alisema, akaendelea kutembea. Hakuna aliyeongeza neno. Mimi ningeweza, maana mwaka uliowafanya watu wale kuwa wa kwake nilikuwepo, tena mikono yangu ilikuwemo. Ila msibani si mahali pa kuanza kueleza mambo ya kompyuta, kwa hiyo nilinyamaza, nikaendelea kumenya viazi na wanawake wenzangu.

Habari za nilikozaliwa na kwetu naziacha. Itoshe kwamba nilikuwa nimemaliza chuo, nina cheti cha ufundi wa kompyuta, sijaolewa, na nilikuwa nimepanga chumba Nyahanga, pale Kahama, chumba chenye dirisha moja linalotazama karakana ya pikipiki. Hatua chache kutoka kwangu ndipo alipokaa Injinia Lutonja na mkewe, Mama Neema. Ofisi yake ilikuwa sebule yao. Nikifumba macho naiona vizuri kuliko niionavyo nyumba yangu mwenyewe: meza ndefu ya mninga iliyokula nusu ya chumba, ramani zilizoviringishwa zimeegeshwa kwenye kona kama mafagio, mtungi wa maji chini ya dirisha, pazia la kijani lililotutenga na jikoni, na juu ya meza, ubavu wake mmoja ukiwa wazi siku zote, ile kompyuta. Mama Neema alikuwa akipika huku anasikiliza kila tunalosema. Saa nne asubuhi alitutolea matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa vikachemshwa, na chai nyeusi ya tangawizi, na Injinia alikuwa na tabia ya kula amesimama, anatembea kuizunguka meza, anaongea. Mtu akimwona kwa mara ya kwanza angedhani ana ugomvi na mtu. Alikuwa anafurahi tu.

Kilichomfurahisha mwaka ule ni kadi mbili za picha. Kadi ya picha ni kile kibao ndani ya kompyuta kinachochora kila kionekanacho kwenye skrini, na watu wengi huijua kwa sababu ya michezo. Kumbe ina uwezo mwingine: inapiga hesabu ndogondogo nyingi kwa mkupuo mmoja, kama shamba lenye vibarua wengi kila mmoja na mstari wake. Ukiipa picha nyingi za kitu kimoja, zilizopigwa kutoka pembe nyingi na kila picha ikipandia kidogo kwenye mwenzake kama bati linavyopandia bati, inaweza kukitafuta kila kijiwe kimoja kimoja katika picha zote, ikajua kilikuwa wapi, halafu ikakijenga upya kile kitu chote ndani ya skrini, ukakizungusha na kukitazama hata kwa nyuma. Injinia alinionyesha kwanza kwa kiatu chake. Alikipiga picha pande zote, akaiachia kompyuta, na tulipomaliza kula kiatu kilikuwa kinaelea kwenye skrini, na tope lake na kamba yake iliyokatika. Nilicheka mpaka Mama Neema akachungulia. Lakini moyoni nilipata kitu kama woga. Nilikuwa nimesoma kompyuta chuoni, na hakuna aliyeniambia kwamba inaweza kuona.

Kazi yenyewe haikuwa viatu. Mama Shija, yule mama wa msibani, alikuwa mwenye duara upande wa Runzewe. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, hata likiwa refu kuliko mnara, na kuwa mwenye duara maana yake vijana wote wanaoshuka mle wanakula kwako na roho zao ziko mikononi mwako. Duara lake lilikuwa jipya na lilikuwa limepata mwamba mzuri, unaoelekea magharibi. Tatizo ni kwamba magharibi, ndani ya kilima kilekile, kulikuwa na maduara ya zamani yaliyoachwa, na yale yalikuwa yamejaa maji. Hakuna aliyejua njia zake za chini zinafika wapi. Waliozichimba walikuwa wametawanyika, na wachache waliobaki kila mmoja alionyesha kwa mkono upande wake. Ukichimba gizani kuelekea maji usiyoyaona, nyundo moja inatosha. Mama Shija alikuwa amefika hadi Nyahanga kumtafuta Injinia kwa sababu alisikia kuna mtu anapiga picha za chini ya ardhi. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mtungi, akakataa chai, akasema, "Mimi nataka nione. Nikiona nitajua pa kuwapeleka watoto wa watu."

Kiangazi kile alikodi pampu, wakayatoa maji ya maduara ya zamani kwa siku chache tu, na sisi tukashuka. Nilishuka na mimi. Mama Shija mwenyewe alinifunga kamba kiunoni, akaivuta kuipima, akaniambia, "Usitazame chini, tazama ukuta." Basi nikautazama ukuta, nao ulikuwa na alama za tindo kutoka juu mpaka chini, elfu na elfu, kila alama ni pigo la mkono wa mtu. Chini kulikuwa na joto la maji yaliyolala, na matope yaliyotufika magotini. Injinia alipaka alama za rangi nyeupe, akazipima kwa chombo chake, kisha tukaanza: mimi nikishika taa, yeye akipiga picha, hatua moja, picha, hatua moja, picha. Mtu aliyetuongoza aliitwa Masele, kiongozi wa vijana wa Mama Shija, mtu mwembamba asiyependa maneno. Tulipofika kwenye uwazi mmoja mkubwa kama chumba cha darasa, Masele alizima tochi yake akasema, "Sikilizeni." Maji yalikuwa yanadondoka kila upande, karibu na mbali, na kila tone na sauti yake. Hata Injinia alisahau kuongea. Tulipiga picha uwazi ule wote, tukapiga na njia mpya ya Mama Shija hadi mwisho wake, na pampu ziliporudishwa kwa wenyewe maji yakapanda tena yakapafunika kila mahali tulipokanyaga. Picha zile zisingepatikana tena.

Na kompyuta ikakataa. Ukiiwasha inawaka vizuri, unafungua picha, unaandika barua, inakwenda. Ukiiambia ianze hesabu, feni za kadi zinanguruma, zinapanda sauti, halafu ghafla kimya. Skrini nyeusi. Si polepole, ni kama mtu amekata shingo ya kuku. Injinia aliulaumu umeme wa mtaa, tukaweka stabilaiza. Ikazima. Tukaiunga kwenye jenereta ya yule wa karakana ya pikipiki. Ikazima. Ndipo nilipoomba niachiwe peke yangu na ile mashine asubuhi moja, na Injinia, ambaye hakupenda kuachia kitu, alichukua kofia yake akaenda sokoni. Nilichomoa kadi moja, nikaipa ile iliyobaki hesabu. Ilikwenda asubuhi nzima bila kukohoa. Nikazibadilisha, nayo ya pili ikaenda. Nikazirudisha zote mbili, nikabonyeza, zikanguruma, kimya. Kwa hiyo hakuna kadi mbovu. Zilikuwa nzima zote mbili, na zilikuwa na njaa.

Ndani ya kila kompyuta kuna kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa viungo vingine vyote. Mafundi wanakiita pawasaplai. Ni kitu ambacho hakuna anayekisifia. Watu wanasifia kadi na kasi, na kisanduku kile wanachukua chochote kilichopo. Cha Injinia kilikuwa na karatasi ubavuni yenye maandishi makubwa: wati elfu moja. Kadi zetu kila moja ikikaza hula kama mia mbili na hamsini, ubongo wa kompyuta kama mia na thelathini, diski na feni na makandokando tuseme hamsini. Jumla haifiki hata mia saba, na kwa hiyo elfu ilitosha na kubaki. Niliamini maandishi yale kwa sababu yalikuwa makubwa. Asubuhi ile nilikitoa kisanduku nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikasoma jedwali dogo lililo chini ya yale maandishi, lile la mistari ya volti na ampia. Kadi zinakula kwenye mstari wa volti kumi na mbili, na huko ndiko nguvu inakotakiwa iwe. Nilizidisha volti kwa ampia. Haikufika hata wati mia nne. Halafu nilikipima kwa mkono, nikakiona chepesi, kama kopo la biskuti lililoliwa likabaki makombo.

Nilikuwa bado nimekishika Mama Shija alipoingia uani na Masele pamoja na vijana wengine. Hawakujua niko nyuma ya dirisha. "Mwamba uko pale, tunauona kwa macho," alisema Masele. "Wiki zinapita. Watu wana familia, mama. Tutakula picha?" Mama Shija alimjibu kwa Kisukuma, taratibu, sikushika yote, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili wasikie wote: "Hashuki mtu mpaka nione. Atakayeshuka asirudi kwangu." Kijana mmoja alisema maduara ya zamani yako mbali, kila mtu anajua yako mbali. Nikasikia mwiko wa Mama Neema ukisimama kwenye sufuria. Masele akasema, "Tunakuheshimu. Tutangoja Jumatatu ijayo. Ikipita hiyo, tunarudi kazini, kwako au kwa mwingine." Walipoondoka Mama Shija alikaa kwenye ngazi ya jikoni muda mrefu, na Mama Neema akakaa naye.

Injinia aliporudi nilimweleza. Alisema basi twende na kadi moja. Nikamwambia kadi moja itamaliza baada ya siku kumi, na Jumatatu ni Jumatatu. Alizunguka meza. "Unahitaji nini?" Nikamwambia, pawasaplai ya kweli, ya wati mia nane na kitu, yenye waya za kutosha kulisha kadi zote mbili, ili ifanye kazi bila kuhema. Ya kuagiza Dar es Salaam ingechelewa. Kahama nilizunguka kila duka, na kila duka lilikuwa na visanduku vyepesi vya namna ileile, tofauti ni ukubwa wa maandishi. Mwenye duka mmoja alinichekea: "Dada, wati ni wati." Na hapo ndipo hofu iliponishika, kwa sababu nilijua kisanduku kibaya hakizimi tu. Kingine kinapokufa kinarusha umeme wake wote kwa vile kinavyovilisha, na kadi zile Injinia asingezipata tena. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikapanda gari kwenda Shinyanga.

Leo nikiwafundisha vijana, wanakuja na simu zao, wanaandika jina la kifaa, wanasoma waliyoyasema wengine, wanachagua wakiwa wamekaa. Siwaonei wivu, lakini nawahurumia kidogo, maana hawatakuja kuona nilichokiona dukani kwa Mzee Rajabu. Alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye asili ya Tanga, aliyeishi Shinyanga miaka mingi kiasi kwamba Kisukuma chake kilimshinda Msukuma, na alikuwa akiuza vifaa vya umeme karibu na soko. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, nikamweleza shida yangu yote, mpaka habari ya maji. Alinisikiliza huku akipangusa kaunta. Kisha akaleta visanduku viwili. Cha kwanza kipya, kimo ndani ya boksi lenye picha ya simba, kimeandikwa wati elfu moja na mia mbili, na feni yake inawaka rangi ya bluu. Cha pili cha kijivu, kilichotumika, kimekwaruzwa, bila boksi, kimeandikwa mia nane na hamsini kwa herufi ndogo. Nilikibeba hicho cha pili, mkono ukashuka. Kilikuwa na uzito wa tofali. Jedwali lake lilisema vizuri, waya zake zilikuwa nene, na vichwa vya kulishia kadi vilikuwa vinne, vinavyotutosha.

"Basi si umeshachagua?" alisema Mzee Rajabu.

"Hiki kimetumika, Mzee. Sijui kimechoka kiasi gani. Na hiki kipya siwezi kukikataa kwa uzito tu. Ningepata kitu cha kuvilisha, kinywe umeme mwingi kama kadi zangu, ningevipima vyote."

Alifikiri, akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye duka la spea za magari. "Taa ya mbele ya gari ni volti ngapi?"

Nilimtazama, tukaanza kucheka wote wawili. Taa ya gari ni volti kumi na mbili, na kila moja inakula kama wati hamsini na tano. Mwenye spea alituazima boksi zima kwa udadisi wake mwenyewe, akaja nalo na wateja wake. Nilizipanga taa juu ya kaunta, nikaziunga kwa waya nene kila moja na swichi yake. "Nikikipima kikafa je?" nilimwuliza Mzee Rajabu. Akasema, "Kikifia dukani kwangu ni afadhali kuliko kikafie kwako." Nikaanza na kile cha simba. Niliunganisha waya wake wa kijani na ule mweusi ili kiwake bila kompyuta, feni ya bluu ikazunguka, watu wakasema eeh. Taa ya kwanza ikawaka, nyeupe. Ya pili. Ya tatu. Nilikuwa naongeza moja moja, jicho kwenye mita yangu ya volti. Sijafika nusu ya nilizotaka, taa zote zikaanza kugeuka njano, kama jua la saa kumi na mbili, harufu kali ikatoka, kikalia "pa!" na feni ikasimama. Mzee Rajabu hakukasirika. Alikitazama kwa muda. "Na hivi nimewauzia watu," alisema. Akageuka, akavishusha vilivyobaki vya boksi la simba, rafu nzima, akavisukuma chini ya kaunta kwa mguu.

Kisha kile cha kijivu. Taa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mita imesimama kwenye kumi na mbili. Nikaongeza. Kaunta ikaanza kung'aa, nyuso za watu zikang'aa, mama mmoja aliyebeba nyanya akaweka mkono juu ya macho. Nikaongeza. Joto lilitupiga kama la jiko la mkaa, duka likawa jeupe lote, kila kopo na kila waya ukutani ukawa na kivuli chake, na mchana wa barabarani ukaonekana hafifu kama jioni. Mita haikusogea. Kisanduku kilichokwaruzwa kilikaa pale kinapumua polepole, kinautoa umeme wote ule kama mtu anayemimina maji bila kumwaga. Niliiwasha taa ya mwisho. Mzee Rajabu alisema, "Subhanallah," kwa sauti ya mtu aliye peke yake. Tuliziacha zikawaka mpaka tukashindwa kuvumilia joto, nikaweka kiganja juu ya kile kisanduku, na kilikuwa vuguvugu tu.

Injinia alinipokea stendi ya Kahama mwenyewe, akakibeba begani kama mtoto. Tulikifunga mchana uleule. Nilipobonyeza, kadi zilinguruma, zikapanda sauti, mimi nikashika ukingo wa meza, na sauti ikafika pale inapofikia siku zote, ikapita. Ikaendelea. Mama Neema alitoka jikoni na mikono ya unga akauliza, "Mbona haizimi?" Injinia alikaa chini na sahani yake, na ndiyo mara ya pekee niliyomwona akila amekaa. Kwa siku zilizofuata mashine ilifanya kazi bila kusimama. Mama Neema alisogeza michembe yake, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha, karibu na kompyuta ikauke kwa ule upepo wa moto.

Jumapili baada ya ibada walikuja wote, Mama Shija, Masele na vijana wengi kuliko viti. Walisimama ukutani. Injinia aligeuza skrini. Kwanza ilikuwa nyeusi tupu, halafu kikaingia kitu cha rangi ya udongo, kinazunguka taratibu: kilima kile, bila kilima. Mashimo tu. Njia zilizoshuka, zilizopinda, zilizogawanyika, zilizokutana tena, kama kichuguu ambacho mtu angekivua udongo akabaki na vyumba vya mchwa vinaning'inia hewani. Miaka na miaka ya watu kuingia gizani mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona walichokijenga pamoja. Injinia alisogeza karibu, tukaingia ndani, na alama za tindo zikaonekana. Mchimbaji mmoja mzee alivua kofia. "Hapo," alisema, "hapo ni mimi. Huo ukuta ni wangu." Aligusa skrini kwa ncha ya kidole, kisha akakitazama kidole kama anayetarajia kukuta tope.

"Njia yetu iko wapi?" aliuliza Masele.

Injinia aliizungusha picha ubavu. Njia mpya ya Mama Shija ilitoka mashariki, imenyooka, safi. Kutoka magharibi ulikuja ule uwazi mkubwa tuliosikiliza matone, na uwazi ule ulikuwa umetoa mkono mmoja mwembamba, njia ambayo hakuna mzee aliyeikumbuka, ukinyoosha kidole kuelekea kwetu. Katikati ya hivyo viwili kulikuwa na mwamba. Injinia alipima. Hakusema namba. Aliweka mkono wake mezani, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, akasema, "Hivi."

Mama Shija naye aliweka mkono wake juu ya meza, karibu na wa Injinia, akautazama. Masele alisogea mpaka pumzi yake ikagusa skrini. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Hiyo ni zamu moja ya kuchimba," alisema. "Mama, hiyo ni zamu moja tu. Jumatatu asubuhi." Niliusikia mtungi wa maji chini ya dirisha ukidondosha tone, nikajikuta nimeshika mkono wa Mama Neema. Kisha Mama Shija alimgeukia Injinia, akanigeukia mimi. "Wabeja," alisema, asante kwa Kisukuma, na akarudia, "Wabeja sana."

Walitoa vyombo vyao vyote kutoka njia ile, wakahamia upande wa kusini, mbali na maji. Mwamba wa huko haukuwa mzuri kama ule. Nimewahi kumsikia mtu akisema kwamba Mama Shija alipoteza utajiri kwa ajili ya picha, na msibani nilipokuwa nawatazama wale wanaume wenye mvi wakipita mbele ya jeneza, niliwahesabia umri waliofikia.

Mvua zilianza mapema na zilikuwa za fujo. Asubuhi moja tulikuwa kule, mimi na Injinia, tumekwenda kupima eneo jipya, na vijana walikuwa bado hawajashuka, wanakunywa uji chini ya turubai. Mama Shija alikuwa amesimama karibu na mdomo wa duara lake la kabla ya kuhama, lile waliloliacha. Nilimwona kwanza khanga yake ikiinuka. Hakukuwa na upepo, majani ya miti yalikuwa yametulia, lakini khanga iliinuka kutoka miguuni ikapepea hadi usoni kwake, kwa sababu upepo ulikuwa unatoka shimoni. Hewa yote iliyokuwa ndani ilikuwa inasukumwa nje. Ilitoka baridi, na harufu ya mahali ambapo hapajawahi kuona jua. Kisha ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyetu na sauti ikaja, si kelele, kitu cha chini zaidi ya kelele, kinachosikika kifuani kabla ya masikioni. Ule mwamba wa kiwiko hadi vidole ulikuwa umejikatikia wenyewe. Vijana waliweka vikombe chini. Tulisogea wote, tukasimama kwa umbali, tukasikiliza maji yakiijaza ile njia nyeusi kutoka mwisho wake mmoja mpaka mwingine, yakipanda. Injinia alikuwa amevua miwani na anaitazama mikono yake.

Sauti ilipoanza kupungua, Mama Shija aligeuka. Najua alijua kwamba hakuna aliyeshuka. Tulikuwa tumesimama mbele yake. Lakini alianza kuita majina, moja baada ya jingine, kwa nguvu, kama anayeita watu walio mbali. Na wanaume wale, wengine wana watoto wakubwa, waliitikia kila mmoja kwa zamu yake, "Nipo, mama." "Nipo." "Nipo." Alimwita Masele. Alimwita yule mzee wa ukuta. Alipomaliza vijana wake akamwita Injinia, naye akajibu kama wengine. Halafu akaniita mimi. "Zuhura!" Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Alinisubiri. Masele, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, ndiye aliyeniitikia.

"Yupo," alisema. "Huyu hapa, mama. Yupo."